Msimcheke Bob Cousy

Mpwa wangu ana miaka 17 na anacheza mpira wa kikapu vizuri kuliko nilivyowahi kucheza mimi, jambo ambalo hachoki kunikumbusha. Jumapili moja alinisogezea simu hadi puani. "Mjomba, huyu ndiye mnayemsifu?"

Kwenye kioo kulikuwa na video ya zamani isiyo na rangi. Mzungu mmoja mwembamba anapandisha mpira upande wa kulia, anaudunda polepole mbele yake kama mama anayempigapiga mtoto mgongoni ili alale. Hakuna chenga za kuvunja watu vifundo vya miguu, wala kuupitisha mpira kati ya miguu. Chini ya video, vicheko vitupu. Mzungu huyo ni Bob Cousy wa Boston Celtics, bingwa mara sita, mchezaji bora wa NBA mwaka 1957, aliyeongoza ligi kwa pasi za kufungisha misimu minane mfululizo.

Sikubishana naye. Nilitafuta filimbi, tukaenda kwenye uwanja wa saruji pale karibu na nyumbani, nikampa sharti moja: kiganja kinakaa juu ya mpira. Kikiteleza kwenda ubavuni kikauinua kwa chini, napuliza, maana kwa marefa wa enzi za Cousy hapo umeshabeba mpira na unawapa wapinzani. Rafiki yake akakaa kumkaba.

Akaanza na ile danganya yake ya kusimama nusu sekunde kana kwamba anataka kutupa, mpira umetulia kiganjani. Filimbi. Akajaribu kuuhamisha kulia kwenda kushoto kwa nguvu. Filimbi tena. "Mjomba, unanionea!" Nikamwambia aendelee. Baada ya dakika kumi hivi hasira zilimwishia, na bila kufundishwa na mtu akawa anapandisha mpira upande wa kulia, bega la kushoto limemzuia mkabaji, kiganja juu, midundo mifupi mifupi. Nikatoa simu nikamrekodi, nikamwonyesha. Alitazama mara mbili, akanirudishia simu bila neno.

Kashfa nyingine anayopewa Cousy ni kwamba hana mkono wa kushoto. Utotoni kule New York alianguka mtini akavunjika mkono wa kulia, na mpaka ulipopona alicheza na wa kushoto. Mwaka 1949, akiwa bado Chuo cha Holy Cross, alizibiwa upande wa kulia mwishoni mwa mechi dhidi ya Loyola ya Chicago, akaupitisha mpira nyuma ya mgongo na kufunga kwa mkono huohuo wa kushoto anaoambiwa hana. Mwaka 2022, JJ Redick, ambaye enzi zake alikuwa hodari wa pointi tatu, alitania kwenye televisheni kwamba Cousy alikuwa akikabwa na mafundi bomba na wazima moto. Ni kweli wachezaji wengi wa wakati ule walikuwa na vibarua vya kiangazi, mshahara wa kikapu haukutosha mwaka mzima. Ila fundi bomba naye ana viwiko, na wakati huo viwiko havikuwa vikirudiwa kwenye kioo kutoka pembe nne.

Sasa nigeukie wa rika langu, maana nao wana yao. Hao wanasema Wilt Chamberlain, lile jitu la kufunga la miaka ya sitini, angewafunga watoto wa leo pointi 80 kila usiku. Msimu wa 1961–62 Wilt alikuwa na wastani wa pointi 50.4, na tarehe 2 Machi 1962, mjini Hershey, Pennsylvania, aliwafunga New York Knicks pointi 100. Namba hizo ni za kweli, lakini zisome pamoja na nyingine. Ligi ilikuwa na timu tisa tu. Msimu ule timu ilitupa zaidi ya mara 100 kwa mechi. Siku hizi ni kama 90 hivi. Mpira ulikuwa unakwenda na kurudi kama watu wanaokimbizwa, na katika hali hiyo pointi na ribaundi, yaani mipira inayodakwa baada ya mtupo kukosa, zinamwagika kwa kila mtu. Oscar Robertson alipata wastani wa tarakimu mbili kwa pointi, ribaundi na pasi msimu huohuo, na hilo si jambo la bahati tu. Na pale Hershey, dakika za mwisho wenzake Wilt walikuwa wakiwachezea Knicks faulo makusudi ili mpira urudi haraka, aupate yeye.

Namba ya Wilt inayonivua kofia ni nyingine kabisa: wastani wa dakika 48.5. Mechi ina dakika 48. Yaani msimu mzima, pamoja na muda wa nyongeza, alikaa nje dakika nane hivi tu. Hiyo haijali kama ni 1962 au leo. Mapafu ni mapafu.

Kinachonichosha katika mabishano haya ni kwamba pande zote mbili zinamchukua mchezaji jinsi alivyo, na viatu vyake, na kumtupa enzi nyingine bila kumpa miaka miwili ya kuzoea. Mchezaji hujifunza kile kinacholipa. Mstari wa pointi tatu, ambao ukitupa kutoka nje yake unapata tatu badala ya mbili, uliingia NBA msimu wa 1979–80, na mwaka ule timu ilijaribu mara 2.8 kwa mechi. Mara 2.8! Wengi waliuona kama kiini macho. Msimu wa 2009–10 zilikuwa zimefika 18, na msimu wa 2024–25 zimepita 37. Mikono ya binadamu haikubadilika ndani ya miaka hiyo. Watu walifanya hesabu: anayetupa kutoka mbali akaingiza 36 kati ya 100 anarudi na pointi 108, anayetupa hatua moja ndani ya mstari akaingiza 40 anarudi na 80. Baada ya hapo kila mtoto akaanza kujizoeza kutoka mbali tangu darasa la tano. Stephen Curry akafunga za pointi tatu 402 katika msimu mmoja, 2015–16, na hapo mjadala ukafungwa.

Na hesabu hiyo iliwahi kupita juu ya mtu wetu. Juni 2009, Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alichaguliwa wa pili, na Memphis Grizzlies, siku timu za NBA zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu. Wa tatu alikuwa James Harden. Wa saba alikuwa Curry. Hadi leo mtu akitaka kutuudhi kijiweni anaisoma orodha hiyo taratibu, jina kwa jina.

Memphis hawakuwa wajinga, ila macho yao yalikuwa ya miaka ya tisini. Thabeet ana mita 2.21, na msimu wake wa mwisho Chuo Kikuu cha Connecticut alikuwa akizuia mitupo zaidi ya minne kwa mechi. Waliomtazama walimwona Dikembe Mutombo mwingine, yule Mkongo wa Kinshasa aliyechukua tuzo ya mlinzi bora mara nne, na ambaye mwaka 1994, Denver Nuggets walipoing'oa Seattle iliyokuwa kinara wa ukanda wao, alilala chali sakafuni ameukumbatia mpira juu ya kichwa, anacheka kama mtu aliyeokota pochi. Kazi ya mtu kama huyo ilikuwa kusimama karibu na kikapu na kuharibu siku za watu.

Lakini sheria zilishageuka. Tangu 2001 mlinzi asiye na mtu wa kumkaba haruhusiwi kukaa eneo lile zaidi ya sekunde tatu. Msimu wa 2004–05 marefa wakakaza kamba kwa wanaowashika kwa mikono wachezaji wa nje. Wale wadogo wepesi wakafunguliwa, halafu watupaji wakatawanyika kila pembe, na senta, yule mrefu wa karibu na kikapu, akajikuta anaitwa mita saba kutoka kikapuni kumkaba mtu mwenye miguu ya swala. Thabeet aliingia sokoni na bidhaa nzuri wakati wanunuzi wanafunga virago.

Sisemi angekuwa Mutombo. Alianza kikapu amechelewa, kwenye kufunga hakuwa na mengi, na wastani wa pointi 2.2 katika NBA hauna wakili. Lakini nina hakika mwaka 1991 timu ingemvumilia zaidi, kwa sababu alichokuwa nacho ndicho kilichokuwa kinatafutwa.

Kuna sehemu moja tu ya mchezo ambapo naamini unaweza kuwapima watu wa enzi mbili kwa rula moja. Mtupo huru, ule unaopewa ukichezewa faulo. Mstari uko mita 4.57, pete iko mita 3.05 juu, hakuna anayekukaba. Ukitazama NBA, msimu wa 1973–74 waliingiza asilimia 77. Hivi majuzi ni asilimia 78. Nusu karne ya makocha wa mitupo, kamera na wataalamu wa lishe, tumepata asilimia moja. Msimu wa 1961–62 Wilt alitupa kwa mtindo wa chini, mikono miwili kutoka mapajani kama anayerusha ndoo ya maji, akapata asilimia 61, kiwango chake bora maishani, na usiku ule wa Hershey aliingiza 28 kati ya 32. Kisha akaacha. Ikafika msimu wa 1967–68 yuko asilimia 38. Baadaye alikiri kwamba alijua mtindo ule unamfaa, ila aliona haya, alijiona kama anatupa kike. Rick Barry, mchezaji mwingine aliyetupa kwa chini, hakuona haya, akamaliza karibu na asilimia 90, na bado vijana hawakumfuata.

Nilimsimulia mpwa wangu hayo, akacheka, kisha akajaribu. Tulikuwa wawili tu uwanjani, jua limeshazama. Kwa mtindo wake wa kawaida huingiza sita kati ya kumi. Kwa chini aliingiza tano, halafu saba, halafu nane. Wiki nzima akafanya hivyo jioni tukiwa wenyewe. Jumamosi wenzake wa shuleni walikuja, na wasichana wawili wakakaa ukutani kutazama. Alichezewa faulo, akaenda mstarini, akanitupia jicho, akainua mpira juu ya kichwa.

Akakosa yote miwili.