Kidole kwenye chipsi: The Hitcher na damu tusiyoonyeshwa

Kijana amekaa kwenye mgahawa kando ya barabara kuu, macho dirishani, mkono sahanini. Anachukua chipsi, anatafuna, anachukua nyingine. Anachokaribia kutia mdomoni safari hii ni kidole cha mtu.

The Hitcher, filamu ya Marekani ya 1986 iliyoongozwa na Robert Harmon, ina damu, tusidanganyane. Lakini ukatili wake mkubwa kabisa inauficha, na wanaoipenda huutaja ufichaji huo kama sifa yake ya kwanza. Nakubaliana nao, ila si mpaka mwisho.

Kisa chenyewe ni kifupi. Jim Halsey (C. Thomas Howell) anapeleka gari la mtu kutoka Chicago hadi San Diego. Usiku wa mvua, usingizi umemlemea, anampa lifti mtu aliyesimama barabarani ili apate wa kupiga naye soga. Abiria huyo, John Ryder (Rutger Hauer), anamwambia kwa utulivu kwamba yeye amemkata miguu, mikono na kichwa dereva aliyempakia kabla ya Jim. Jim anafanikiwa kumsukuma nje, kwa kuwa mlango haukufungwa sawasawa. Kumekucha, barabara nyeupe, anacheka peke yake kwa kupona. Kisha gari la familia linampita, watoto nyuma wanacheza, na Ryder yumo kati yao.

Jim anapolikuta gari hilo limeegeshwa, kamera haiingii ndani. Tunauona uso wake, tunamwona anatapika, basi. Hapo ndipo hoja ya wapenzi wa filamu hii inaposimama imara: hatujui alichokiona, kwa hiyo kila mtu anajichorea chake. Jangwa alilolipiga picha John Seale linafanya kazi hiyohiyo. Mtu anaona maili nyingi mbele na bado hana pa kujificha. Hata Ryder hana asili. Polisi hawapati kumbukumbu zake, na akiulizwa ametoka wapi anajibu Disneyland. (Filamu ya namna hii ingekufa kwenye kibanda umiza, banda la mtaani la kuonyeshea video, ambako msimulizi huona kila kimya ni nafasi yake ya kusema.)

Sasa upande wa pili. Mhakiki Roger Ebert hakuipa hata nusu nyota, na hakuwa mtu wa kuogopa damu. Kuficha kidonda hakukufanyi uwe mpole. Mtazame Nash, mhudumu wa mgahawa anayemsaidia Jim, aliyechezwa na Jennifer Jason Leigh. Ryder anamfunga katikati ya lori na tela, mguu wake mwenyewe uko kwenye klachi. Polisi hawawezi kumpiga risasi, maana mguu ukiachia, lori linaondoka. Ryder anampa Jim bastola. Jim anashindwa kufyatua. Ryder anaachia klachi, picha inakatwa.

Kwa ufundi, mkato ule umekaa mahali pake. Ushahidi ni toleo jipya la 2007: humo anayefungwa ni kijana wa kiume, na tunaonyeshwa anavyochanika. Unashtuka, unageuza uso, halafu unaanza kuwaza walivyoitengeneza picha ile. La 1986 halikupi nafasi ya kuwaza hivyo.

Lakini angalia kinachofuata. Nash hazikwi, halililiwi, hatajwi tena kwa namna yenye uzito. Amekuwa ufunguo wa kumgeuza Jim awe mtu wa kuua, na pale picha inapokatwa sisi tumenusurika kuona, na mwandishi, Eric Red, amenusurika kumweleza. Hapo naona ukwepaji, hata kama naukubali ufundi.

Kinachoiharibu hali ya hofu hasa si damu wala ukosefu wake. Ni katikati ya filamu, magari ya polisi yanapobiringika moja baada ya jingine, na Ryder, akiwa anaendesha, anaiangusha helikopta kwa bastola. Dakika chache hizo nilitazama kama ninavyotazama filamu yoyote ya mapigano, nikasahau kuogopa.

Woga ulinirudia kwenye picha ya mwisho. Ryder ameshakufa, jua linazama, Jim ameegemea gari, anawasha sigara. Majina yanapita na kamera haimwachi. Nilibaki nasubiri ageuke, nimwone ni nani sasa.