Kamera Ndogo na Lenzi ya Mkono Katika Harusi ya Kigoma: Zinafaa Hadi Wapi?

Kila msimu wa harusi unapowadia mjini Kigoma, wapiga picha hurudia hoja ile ile: je, mtu anayelipwa kwa fedha za michango ya watu anaweza kuikabili harusi nzima, kuanzia nyumbani kwa bibi harusi hadi keki inapokatwa ukumbini, akiwa na kamera ndogo isiyo na kioo cha ndani na lenzi ya mkono, yaani ile ambayo fokasi yake (kuifanya taswira iwe kali badala ya kuwa na ukungu) huzungushwa kwa vidole? Wanaokubali hutaja gharama, wepesi na uzuri wa picha. Wanaokataa hujibu kwa sentensi moja, kwamba harusi hairudiwi. Pande zote mbili zina hoja nzito, lakini naona zinachanganya mambo mawili ambayo yanapaswa kupimwa mbalimbali, yaani udogo wa kamera na ukosefu wa fokasi ya otomatiki. La kwanza lina faida kubwa kuliko linavyosifiwa. La pili lina gharama, na gharama hiyo hudaiwa zaidi saa 3 usiku ukumbini, wakati ambapo hakuna wa kuwaambia maharusi warudi mlangoni waingie upya.

Chanzo cha hoja yenyewe ni cha kiufundi. Kamera za kidijitali walizozoea wapiga picha wengi wa harusi zina kioo kinachoakisi taswira kwenda kwenye kidirisha cha kutazamia, na kioo hicho kinahitaji nafasi. Mwaka 2008 Panasonic ilitoa Lumix G1, iliyoondoa kioo hicho huku ikiruhusu lenzi kubadilishwa, na Sony nayo ikaja na NEX-3 na NEX-5 mwaka 2010. Kioo kilipoondoka, umbali kati ya sehemu lenzi inapofungwa na sensa, yaani kile kibapa kinachopokea mwanga na kuunda picha, ulipungua sana: katika mfumo wa F wa Nikon, ulioanza mwaka 1959, umbali huo ni milimita 46.5, ilhali katika mfumo wa E wa Sony ni milimita 18 tu. Milimita 28.5 zinazobaki huzibwa na adapta, ambayo ni bomba fupi la chuma lisilo na kioo chochote ndani, na lenzi iliyotengenezwa miaka ya 1970 ikafanya kazi kwenye kamera ya leo. Kampuni za China kama 7Artisans na TTArtisan zimeongeza lenzi mpya za mkono zenye uwazi mkubwa, yaani tundu pana la kuingizia mwanga, kwa bei ambayo kwa kawaida ni sehemu ndogo ya bei ya lenzi ya otomatiki inayolingana nazo. Kwa kijana anayeanza kazi Mwanga au Ujiji, hapa hapa Kigoma, bila mkopo na bila studio, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama ataingia kwenye harusi au ataendelea kupiga pasipoti.

Udogo wa kamera una thamani ya pekee katika nyumba zetu. Chumba anachopambiwa bibi harusi hakina nafasi: kitanda kimejaa nguo na masanduku, somo na mashangazi wamekaa mkekani, na mpambaji ameshika upande wenye dirisha. Mpiga picha, ambaye katika chumba hicho inafaa awe mwanamke, akiingia na kamera kubwa yenye lenzi ndefu na flashi juu yake, mazungumzo hukatika, na kila mtu hutengeneza mtandio na kumgeukia yeye. Akiwa na kamera inayojaa kiganjani, haupiti muda watu wanamsahau, na hapo ndipo hupatikana picha ya mama akimfunga mwanawe mkufu huku midomo yake ikimwombea dua. Humo chumbani hata lenzi ya mkono haina ubaya wowote. Bibi harusi ametulia, mwanga unatoka upande mmoja, na mpiga picha ana nafasi ya kukuza taswira kwenye skrini mpaka aone kope zimekaa sawa. Lenzi nyingi za zamani za milimita 50 hukaribia hadi takriban nusu mita, umbali unaotosha kuipata mikono yenye hina ikiwa imekunjwa juu ya kanga.

Hali ni hiyo hiyo kwenye nikaha. Walii na bwana harusi wameketi wakitazamana na kushikana mikono, shehe yuko pembeni yao, na maneno ya kuoza na kukubali huchukua sekunde chache, lakini wahusika hawasogei, kwa hiyo fokasi inaweza kuwekwa mapema na kuachwa hapo. Shata ya kielektroniki, ambayo hupima muda wa mwanga bila pazia linalosogea na kwa hiyo haitoi mlio, inamwezesha mpiga picha kufanya kazi bila kuivuruga ibada. Tahadhari yake ni kwamba chini ya taa zinazotumia umeme wetu wa hezi 50 shata hiyo huweza kuacha mistari ya giza kwenye picha, na kasi ya sekunde 1/50 au 1/100 ndiyo iliyo salama zaidi.

Dhidi ya udogo huo kuna pingamizi la kamati ya harusi, na sipendi namna baadhi ya wenzangu wanavyolidharau. Mweka hazina wa kamati amekusanya fedha za watu kwa kadi na kwa simu, na atatakiwa kueleza kila shilingi ilikwenda wapi. Akimwona mpiga picha ana kamera inayofanana na ile ya kutembelea mbuga, ana haki ya kuuliza, kwa sababu chombo ni mojawapo ya dalili chache alizonazo za kujua kama mtu huyu ameiwekea kazi yake mtaji. Jibu sahihi ni kumpelekea albamu kamili ya harusi iliyopita, yenye picha za mchana na za usiku, kabla ya malipo ya awali. Mwenye picha kumi nzuri za ufukweni peke yake hajajibu swali hilo.

Ukumbini ndipo mambo yanapogeuka. MC anatangaza, taa kubwa zinazimwa na kubaki zile za rangi, mlango unafunguliwa, wasimamizi wanatangulia, na maharusi wanaingia wakicheza huku vigelegele vikipigwa kila upande. Lenzi ya milimita 50 iliyofunguliwa f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, uwazi ni mkubwa), kwenye kamera yenye sensa ya APS-C, ambayo ni ndogo kuliko fremu ya filamu ya milimita 35, ikimlenga mtu aliye umbali wa mita 2, hutoa eneo la fokasi lenye kina cha takriban sentimita 11 au 12. Hatua moja fupi ya kucheza inamtoa bibi harusi nje ya eneo hilo kabla vidole havijamaliza kuizungusha pete ya lenzi. Watetezi hutaja msaada wa kamera yenyewe, ile alama ya rangi inayopakwa kwenye kingo za kitu kilicho ndani ya fokasi. Msaada huo ni wa kweli mchana. Usiku, kwa kuwa alama hutegemea tofauti ya mwanga na giza kwenye kingo, gauni lenye shanga na nakshi za kumetameta huivuta kuliko uso: rangi inawaka kifuani kote, mpiga picha anaamini amepata, na akifungua picha kwenye kompyuta anakuta kila shanga inahesabika huku macho yana ukungu. Mashine ya moshi ikiwashwa, tofauti hiyo hufifia, na alama hupotea kabisa.

Mtu mzoefu atajibu kwamba kuna njia ya kale na ya uhakika, nayo ni kupanga eneo badala ya kumfuata mtu. Lenzi ya milimita 28 ikiwekwa f/8 na fokasi ikafungwa kwenye mita 3, kila kilicho kati ya takriban mita 2 na mita 7 na nusu kitatoka vizuri bila kugusa chochote. Ni kweli, na ni mbinu ambayo kila mpiga picha wa harusi anapaswa kuijua. Lakini tuitazame bei yake. Kutoka f/1.8 hadi f/8 mwanga unaoingia hupungua hadi karibu sehemu moja ya ishirini, kwa hiyo katika ukumbi wenye taa za zambarau flashi haikwepeki. Baadhi ya kamera ndogo, kama NEX-5, hazina kiatu cha kawaida cha flashi, yaani sehemu ya juu ya kamera ya kuichomekea. Zilizo nacho zinakutana na dari iliyofunikwa vitambaa vya mapambo, na flashi ikielekezwa juu hurudisha rangi ya vitambaa hivyo usoni mwa bibi harusi. Mpiga picha analazimika kuielekeza mbele, na hapo picha inafanana na ya mtu yeyote mwenye kamera yoyote. Mbinu hii inaokoa fokasi, lakini inatupa karibu kila sababu iliyomfanya mtu achague lenzi ile, yaani mwanga wa mahali penyewe, ulaini wa mandhari ya nyuma na kutoonekana. Kwa maoni yangu hapa ndipo hoja ya kutumia lenzi ya mkono pekee inaposhindwa, hata kama mpiga picha ni hodari.

Wakati huo huo, kamera ndogo kama Sony a6400 ya mwaka 2019 hulitambua jicho na kulifuata mtu akitembea, ikiwa na lenzi ya otomatiki. Hilo linathibitisha kwamba ubaya wa ukumbini hautokani na udogo wa chombo.

Ziwani, lenzi ya mkono ninaitetea bila kusita. Kigoma iko magharibi sana kiasi kwamba jua huzama takriban dakika 40 baada ya Dar es Salaam ingawa saa zetu ni zile zile, na jua hufika juu kabisa karibu saa 7 mchana. Msafara unaotoka kanisani saa 8 na kwenda moja kwa moja kupiga picha unakutana na mwanga mkali unaotia kivuli cheusi machoni. Maharusi wakishawishiwa kusubiri hadi saa 11 na nusu, kwenye fukwe za upande wa Katonga, jua linakuwa limeshuka kuelekea milima ya Kongo ng'ambo ya Tanganyika, nao wanasimama pale wanapoambiwa wasimame. Lenzi ya zamani kama Helios 44-2 ya Kisovieti, yenye milimita 58 na uwazi wa f/2, huyapa majani yaliyo nyuma yao ukungu unaoonekana kama unazunguka, ambao lenzi nyingi mpya hazina. Jua likiingia moja kwa moja kwenye lenzi, weusi wa suti hugeuka kijivu, na inabidi kuikinga kwa kiganja. Kamera isiyo na kioo ina faida nyingine hapa: kidirisha chake huonyesha kabla ya kubonyeza kama uso wa rangi yetu unapata mwanga wa kutosha huku shela nyeupe haijaungua kwa mwanga kupita kiasi.

Betri na kadi ni mambo madogo yanayoharibu harusi kubwa. Nyingi za kamera hizi hukadiriwa kupiga picha 300 hadi 400 kwa betri moja, na aghalabu zina nafasi ya kadi moja tu, kwa hiyo betri nne na kadi tofauti kwa nyumbani, kwa ibada na kwa ukumbini ni sharti. Lenzi za zamani zimulikwe kwa tochi kabla ya kununuliwa, maana unyevu huzaa kuvu ndani ya vioo.

Mpangilio ninaouona kuwa wa haki kwa familia ni kamera ndogo mbili katika mfuko mmoja, ya kwanza ikiwa na lenzi ya otomatiki isiyovuliwa tangu maharusi wanapofika ukumbini, na ya pili ikiwa na lenzi ya mkono kwa ajili ya chumba cha kupambia, nikaha na ufukweni. Mwenye kamera moja na lenzi ya mkono pekee asikubali kuwa mpiga picha wa pekee wa harusi. Anaweza kuchukua sehemu ya mchana kwa bei ya sehemu ya mchana na kumwachia mwenzake ukumbi, na mgawanyo huo uandikwe kwenye makubaliano na kusomwa mbele ya kamati kabla malipo ya awali hayajapokelewa, ukitaja waziwazi nani atapiga kuvalishana pete, nani atapiga kuingia ukumbini, na nani atapiga kukata keki na kukabidhi zawadi.