Majaribio sambamba katika ujenzi wa vifurushi: kasi na gharama yake

Anayejenga vifurushi vya programu huria (programu zilizofungashwa tayari kusakinishwa) akiwa Mbeya, kwa laptopu yenye viini 4 vya kichakataji na betri isiyodumu kwa muda wa saa 2 umeme unapokatika, hawezi kuyachukulia majaribio ya kiotomatiki, yanayokagua kama programu inafanya kazi, kama jambo la kusubiri tu. Kukusanya msimbo, yaani kuugeuza kuwa programu inayoendeshwa, kunaweza kumalizika kwa dakika 3, kisha majaribio yakaendelea kwa dakika 20, faili moja baada ya nyingine, huku viini 3 vikikaa bure.

Nyenzo za kuyaendesha sambamba, yaani mengi kwa wakati mmoja, zipo. Katika Debian, mfumo endeshi huria wa familia ya Linux, mjenzi huweka DEB_BUILD_OPTIONS=parallel=4 ili kuruhusu kazi 4 kwa pamoja, na kwa vifurushi vya lugha ya programu ya Perl huongeza HARNESS_OPTIONS=j4 ili faili 4 za majaribio ziende kwa wakati mmoja. Lakini kigezo hichohicho cha DEB_BUILD_OPTIONS hupokea pia neno nocheck, ambalo huagiza majaribio yarukwe kabisa, na hapa ndipo ninapoona hoja yenye uzito kuliko zote kwa upande wa kasi: mjenzi aliyechoka kusubiri hachagui kati ya majaribio ya polepole na ya haraka, bali kati ya kujaribu na kutojaribu.

Hata hivyo, kasi ina ukomo. Katika mashamba ya chai ya Mufindi, wachumaji 20 wanaweza kuchuma kwa pamoja, lakini mizani ikiwa moja, kila kikapu kitasubiri zamu yake, na kuongeza wachumaji hakufupishi foleni hiyo. Mtaalamu wa kompyuta Gene Amdahl alilieleza jambo hili kwa upande wa kompyuta mwaka 1967. Ikiwa dakika 4 kati ya zile 20 ni za kazi isiyogawanyika, viini 4 vitaishusha jumla hadi dakika 8, na hata viini 100 havitaifikisha chini ya 4.

Pingamizi zito zaidi linahusu kuaminika kwa matokeo. Majaribio mengi yaliandikwa na watu waliodhani, bila kusema, kwamba yatafuatana: moja huunda faili yenye jina maalumu ndani ya /tmp (saraka ya faili za muda), jingine huifuta, mawili hufungua seva kwenye poti (namba ya mlango wa mtandao) ileile, la tatu hutegemea rekodi iliyoachwa na la kwanza kwenye kanzidata. Yakienda pamoja, ujenzi hufeli leo na kufaulu kesho bila mstari wowote wa msimbo kubadilika. Nimewahi kupoteza jioni nzima nikitafuta kosa katika kifurushi kisichokuwa na kosa, kumbe majaribio mawili yalikuwa yakigombania saraka moja. Hasara kubwa kuliko jioni hiyo ni mazoea yanayofuata, kwa kuwa mtu aliyezoea kubonyeza «jenga tena» ataibonyeza hata siku ambayo kosa ni la kweli.

Kumbukumbu ya kompyuta (RAM) nayo ina neno lake: majaribio 4 yanayohitaji GB 1.5 kila moja, kwenye mashine ya GB 4, yataisukuma data kwenye diski, na usambamba utageuka kuwa uzito.

Nikipima yote, naunga mkono usambamba uwe desturi ya kila siku, kwa sharti kwamba majaribio yanayogongana yasifichwe. Mengi hurekebishwa kwa kulipatia kila jaribio saraka yake ya muda na kuuacha mfumo uchague poti iliyo wazi. Yasiyorekebishika yatengwe yaende kwa kufuatana. Perl hulipokea agizo hilo kupitia faili ya t/testrules.yml, na sababu ya kutenga iandikwe papo hapo. Kabla ya kutoa toleo, kifurushi kijengwe mara moja kwa kufuatana na mara moja sambamba. Matokeo yakitofautiana, toleo lisubiri mpaka chanzo cha tofauti kijulikane, hata kama betri italazimu kazi hiyo ilale hadi asubuhi.