Éowyn analia na bado anaua
Kuna mwandishi kaandika eti kwenye hadithi za fantasia mwanamke akishashika upanga basi uanamke wake kwisha, anakuwa dume lenye nywele ndefu tu, hapo mwandishi nakukatalia. Mcheki Éowyn wa Tolkien kwenye The Return of the King, kitabu cha 1955 hicho, kweli anaenda vitani kajificha kama mwanaume kwa jina la Dernhelm, ila pale anaposimama mbele ya yule mkuu wa Nazgûl, wale watumishi wa kutisha wa adui, kumkinga mjomba wake mfalme Théoden kofia ya chuma imeshamtoka, nywele ziko mabegani, machozi shavuni na hasogei hata hatua! Rungu la jamaa linamvunja mkono wa ngao, Merry, yule hobiti mwenzake aliyekuja naye vitani, anamchoma jamaa nyuma ya goti, dada anamalizia kazi. Wengi mnalalamika kuwa mwisho anaolewa na Faramir na kusema sasa atakuwa tabibu, mnasema kashushwa. Mbona Aragorn anatambulika kuwa ndiye mfalme halisi kwa sababu mikono yake inaponya, na Éowyn mwenyewe ni mmoja wa aliowaponya? Sasa niambieni, mwanaume akitibu ni ufalme, mwanamke akitibu karudishwa jikoni?