Eti "imejaribiwa, taa inawaka"

Kuna muuzaji huku Uingereza, simtaji, ameweka Commodore 64, ile kompyuta ya nyumbani ya miaka ya 80, sokoni, picha safi, boksi lake bado lipo, halafu chini kaandika "imejaribiwa, taa inawaka, sina waya wa TV kwa hiyo picha sijaangalia". Bei sasa, utadhani anauza kiwanja Mbezi Beach. Ila kilichonipandisha mori sio bei, ni hilo neno imejaribiwa. Imejaribiwa na nini? Na pawa saplai yake ya zamani, lile tofali lililokaa darini tangu mwenye nyumba anasoma shule ya msingi. Hapo hujajaribu kitu ndugu yangu, umecheza bahati nasibu na chipu za kampuni iliyofilisika 1994.

Wadau mnajua lakini narudia maana kuna watu hawasikii. Lile tofali linatoa umeme wa aina mbili, volti 9 AC na volti 5 DC, na hizo 5 ndizo zinazolisha karibu kila kitu kwenye bodi. Ndani wamemwaga gundi ikaganda ikawa jiwe, joto halina pa kutokea, regyuleta, ile inayoshikilia volti zisipande, inachemka humo miaka nenda miaka rudi, na siku ikifa haizimi kistaarabu, inaachia. Zile 5 zinakuwa 6, zinakuwa 7, zinaendelea kupanda. Wa kwanza kuondoka mara nyingi ni RAM, zile chipu za kumbukumbu. Kwenye bodi nyingi zipo nane, kila moja inashika biti moja ya kila baiti, kwa hiyo ikiungua moja tu mashine nzima haijielewi. Na hiyo taa unayojivunia nayo inakula kwenye laini hiyo hiyo ya 5, yaani volti zikizidi ndio kwanza inang'aa vizuri, wenzake ndani wanateketea yenyewe inapendeza tu.

Kinyume chake pia kipo. Kuna jamaa tunafahamiana, mtu mzima na akili zake timamu, mashine yake ilikuwa inawasha taa lakini skrini nyeusi tii. Akaanza kuuliza watu, kila mtu anamwambia PLA, PLA, PLA, yaani ile chipu inayopanga chipu ipi izungumze wakati gani, akaagiza PLA, akashika chuma cha kulehemu akang'oa ile ya zamani, na kwa sababu hana mkono wa kazi akaondoka na njia tatu za shaba kwenye bodi. PLA mpya imekaa, skrini bado nyeusi. Akaniletea. Nikafungua mfuniko, kitu cha kwanza nikapiga mita ya umeme kwenye fyuzi ile ndogo ya kioo iliyopo karibu na swichi, kimya. Imekatika. Hiyo fyuzi ipo kwenye laini ya 9 AC, na kwenye bodi zile za mwanzo VIC, chipu ya picha, haiwezi kutoa picha bila umeme unaotoka huko, wakati taa haipiti hapo kabisa, inaendelea kuwaka kama hakuna kilichotokea. Fyuzi ni bei ya soda. Zile njia za shaba sasa, nimekaa naunga nywele kwa nywele na lenzi kwenye jicho huku yeye ananisimulia habari za Arsenal.

Nimekulia Tanga, jirani yetu alikuwa fundi redio, wateja wanamletea redio za Philips na National na kila mmoja ana utabiri wake, fundi badilisha transista, fundi badilisha spika. Mzee hajibu. Anachukua mita, anaanzia kwenye betri, anafuata umeme unapokwenda mpaka anapoukosa. Ni hivyo tu! Hakuna uchawi wowote. Sasa hivi mtu ana intaneti mkononi, ana michoro yote ya saketi bure, lakini anaanza kwa kununua chipu kwa sababu kuna mtu kwenye video alibadilisha ikapona.

Haya, nakubali shingo upande, PLA za zamani zinakufa sana, na mita haiwezi kukuambia kama ni nzima, itabidi utie nyingine uone. RAM nayo ukiigusa kwa kidole ikakuunguza umeshapata mtuhumiwa bila kifaa chochote. Na ukiwa na ile katriji ya dead test, ya kupimia mashine isiyotoa picha, RAM ikiwa mbovu skrini inamemeta yenyewe, unahesabu inavyomemeta unajua ni chipu ya ngapi. Lakini hayo yote yanakuja baada ya mita jamani, sio kabla.

Kuna na wale wa "gemu zake zimeharibika". Mashine ikiwaka ikakuandikia 38911 BASIC BYTES FREE basi usikimbilie bisibisi. Kaseti haisomi? Safisha hedi, kile kichwa kinachosoma utepe, halafu kuna skrubu ndogo ya kurekebisha ulalo wake, zungusha taratibu sana. Gemu la Kimarekani linacheza vibaya kwenye mashine ya Ulaya? Lilitungwa kwa skrini ya hezi 60, wewe unayo ya 50, mistari ya picha haifanani na hesabu zake za muda zinavurugika, hakuna kilichoungua. Ila likicheza vizuri halafu linaganda mashine ikishapata moto, na kila gemu linafanya hivyo hivyo, hiyo sio programu.

Kwa yule mwenye boksi zuri, kama unanisoma: tofali usilichomeke kwenye mashine. Lichomeke ukutani peke yake, weka mita pini ya 5 na ya 2 za plagi yake, ikizidi volti 5.25 hata kidogo hiyo ni taka. Na ikisoma 5 kamili usishangilie, leo ipo baridi, ikipata joto na mzigo inaweza kuruka katikati ya gemu. Pawa saplai mpya zinatengenezwa mpaka leo, nunua moja. Hilo la zamani kata waya ubaki na ile plagi ya DIN ya pini saba maana ina kazi nyingine, mengine peleka panapokusanywa vyuma chakavu.