Farasi mwenye jeraha dogo mguuni: apandwe au apumzike?

Pwani ya Bagamoyo si nchi ya farasi. Mbung'o wa porini, pamoja na usubi unaoeneza ugonjwa hatari wa farasi barani Afrika, wamewafanya wanyama hawa kuwa wachache huku tangu zamani. Henry Morton Stanley alipoondoka hapa mwaka 1871 kwenda kumtafuta Livingstone alikuwa na farasi wawili, na wote walimfia kabla safari haijachanganya. Uchache huo ndio unaoufanya mjadala wa leo kuwa mgumu. Penye farasi ishirini, mmoja akijikwaruza anaachwa zizini na mwenzake anatandikwa. Mwenye farasi mmoja au wawili wa kupandisha watu ufukweni hana wa kubadilisha. Siku farasi anapopumzika, na mapato yamepumzika.

Tuseme ni Idd el-Fitri. Wageni wa kutoka Dar es Salaam, mwendo wa kilometa kama 70, wameshatuma kianzio kwa simu. Alfajiri mtunzaji anaona mkwaruzo kwenye muundi wa mguu wa mbele, haukuzidi ukucha wa kidole gumba, damu imeshakauka. Farasi anakula vizuri na hachechemei. Atandikwe?

Wanaosema atandikwe si wakatili, na nisingependa wasukumwe pembeni kwa haraka kama inavyofanywa mara nyingi. Kwanza, mikwaruzo mingi ni mikwaruzo tu. Farasi ni mnyama wa kujigonga: anapiga teke ubao, anakwaruzwa na waya, anajikanyaga mwenyewe. Kama kila alama ya ngozi ingekuwa sababu ya likizo, asingefanya kazi mwaka mzima. Pili, mwili wake umeumbwa kwa kutembea. Akifungiwa siku nzima miguu hujaa maji, damu huzunguka kivivu, na tumbo linaweza kumsumbua, jambo ambalo kwa farasi linaweza kuua. Uko uvimbe wa aina hiyo ambao dawa yake ndiyo mwendo wenyewe: hauna joto, uko miguu miwili kwa pamoja, ukiubonyeza haumuumi, na akitembezwa robo saa unapungua. Mtu akimfungia farasi wa namna hiyo kwa huruma, anamzidishia.

Tatu ni fedha, na tusijifanye haihusiki. Farasi anakula leo hata kama hakufanya kazi leo. Pumba, majani, dawa ya minyoo, kucha za kwato kukatwa, vyote vinatoka kwenye shilingi ya yule mgeni. Mwenye kumpumzisha kila mara atafika mahali ashindwe kumlisha.

Upande wa pili unaanzia kwenye umbile la mguu. Farasi hubeba takriban asilimia 60 ya uzito wake kwenye miguu ya mbele. Kuanzia goti kushuka chini hakuna nyama ya kumlinda: ni ngozi, kano, mishipa na mfupa. Kwa hiyo kidonda cha paja kinachotisha kwa damu kinaweza kupona vizuri, na tundu dogo karibu na kiungo likamwangusha. Msumari au mwiba ukipenya hadi kwenye maji ya kiungo, farasi anaweza kutembea kama kawaida saa za mwanzo. Kesho yake hakanyagi. Hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo, hata kama tundu lenyewe linahitaji kutafutwa kwa kidole ndani ya manyoya.

Kano za nyuma ya muundi zina hila zaidi. Zikiumia kidogo, pengine dalili pekee ni joto na unene mdogo, bila kuchechemea hata hatua moja. Mtu anapanda, anakwenda mbio, na kano iliyokuwa imechanika nyuzi chache inachanika nyingi. Kupona kwake huhesabiwa kwa miezi tisa hadi mwaka, na mara nyingi haurudi uimara wa awali. Mapato ya Idd moja yakiwekwa mezani karibu na mwaka mzima bila farasi, hoja ya fedha inageuka na kuwatetea wale wanaosema asubiri.

Halafu kuna tabia ya mnyama mwenyewe. Porini farasi huwindwa, na anayeonyesha maumivu ndiye anayefuatwa. Amezoea kuficha. Akichangamshwa na watu, ngoma na watoto, anaficha zaidi. Ndiyo maana kauli ya "mbona anatembea vizuri" naiona hafifu kuliko inavyosikika.

Kwa maoni yangu pande zote mbili zinabishana juu ya ukubwa wa jeraha, na ukubwa ndiyo habari isiyosaidia. Linalosaidia ni mahali lilipo na kile ambacho mkono unasikia. Mkwaruzo ule wa mbele ya muundi, juu ya mfupa, mbali na viungo, wenye ngozi ya juu tu iliyochubuka, naweza kuuruhusu. Mkwaruzo uleule ukiwa nyuma ya muundi, au juu ya kiungo, au karibu na ukingo wa kwato, nisingempandisha mtu kabla ya kuuchunguza sawasawa.

Kuchunguza hakuhitaji mashine. Unapitisha mgongo wa mkono juu ya mguu ulioumia na kisha juu ya mwenzake, polepole, ukitafuta joto lililozidi upande mmoja. Unagusa mapigo ya damu juu kidogo ya kwato. Yakigonga kwa nguvu kuliko ya mguu wa pili, kuna jambo ndani ya kwato. Unainua mguu na kutazama chini yake, maana farasi wa ufukweni hukanyaga mengi: magamba ya chaza, vioo, misumari ya majahazi yaliyokarabatiwa mchangani. Kisha mtu mmoja anamwongoza kwa kamba iliyolegea, mbio ndogo ndogo, kwenye ardhi ngumu na tambarare, mwenzake akitazama kutoka mbele na nyuma. Ardhi ngumu ni muhimu, kwa sababu mchanga laini huficha maumivu ya kwato. (Kupata kipande cha barabara kisicho na bodaboda asubuhi ya Idd ni mtihani wake peke yake.) Kichwa ndicho kinachosema: mguu wa mbele wenye maumivu ukikanyaga, kichwa huinuka, mguu mzima ukikanyaga, hushuka. Kwa miguu ya nyuma unatazama nyonga ipi inapanda kupita mwenzake. Kikionekana kitu, hata kidogo, mjadala umekwisha.

Kama hakuna kinachoonekana, bado kuna suala ambalo wachache hulitaja, nalo ni mchanga. Bahari ya Bagamoyo ikipwa inarudi mbali na kuacha uwanda mpana wa mchanga mbichi, tambarare, wa kukanyagika. Ikijaa, kinachobaki ni ukanda mwembamba wa mchanga mkavu huku juu, ambamo kwato zinazama na kano za nyuma zinavutwa kwa kila hatua. Farasi yuleyule, jeraha lilelile, saa mbili tofauti, ni hatari mbili tofauti.

Sasa, Idd el-Fitri huangukia mwezi mwandamo, kwa hiyo huwa ni majira ya bamvua, yaani maji kupwa na kujaa kupita kawaida. Katika mwambao huu bamvua hupwa kiasi cha saa nne asubuhi na kujaa kiasi cha saa kumi jioni. Na wageni wa Idd hutaka kupanda lini? Jioni, jua likipoa, baada ya kula pilau. Yaani wanakuja saa ambayo ufukwe mgumu umeshafunikwa. Idd ya kuchinja, inayoangukia siku ya kumi ya mwezi mwandamo, huwa kwenye maji mafu, yanayopwa na kujaa kidogo, na haina tofauti kubwa kiasi hicho. Mtunzaji wa Bagamoyo anayejua hesabu ya maji kama baba yake mvuvi alivyoijua ana nafasi ya kuamua vizuri kuliko mtu aliyesomea farasi nchi za baridi. Farasi mwenye mkwaruzo wa ngozi akitembezwa saa nne kwenye mchanga mbichi, mwendo wa taratibu, sina ugomvi. Saa kumi kwenye mchanga wa kuzama, au akikimbizwa saa yoyote, nakataa.

Hoja ya "tumpandishe mtoto tu, ni mwepesi" inahitaji kutazamwa mara mbili. Ni kweli uzito una maana. Kipimo kinachotumiwa sana ni kwamba mpandaji na tandiko wasizidi asilimia 20 ya uzito wa farasi, yaani kilo 80 kwa farasi wa kilo 400. Mtoto yuko chini kabisa ya hapo. Lakini farasi mwenye maumivu anaweza kujikwaa au kuruka ghafla, na mtoto ndiye asiyejua kujishika. Uzito mdogo unamlinda farasi; haumlindi mtoto.

Kuna njia ya mkato ambayo haina pande mbili: kumpa farasi sindano au unga wa kutuliza maumivu, kisha kumtandika. Fenilibutazoni, mojawapo ya dawa hizo za maumivu, ni nzuri mikononi mwa daktari, na hairuhusiwi kuwa mwilini mwa farasi kwenye mashindano ya kimataifa. Inaondoa onyo na kuacha tatizo. Maji baridi ni jambo lingine. Dakika kumi na tano za mpira wa maji juu ya mguu wenye joto hupunguza uvimbe bila kumdanganya mtu yeyote. Na jeraha lolote lililopenya, hata kama halimuumi, liulizwe habari ya chanjo ya pepopunda, kwa kuwa farasi ni miongoni mwa wanyama wanaoshikwa na ugonjwa huo kwa wepesi.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 ipo, ingawa kwa wakazi wengi wa mji huu lipo neno lenye uzito zaidi. Mtume (S.A.W.) alimpita ngamia ambaye tumbo lilikuwa limegandana na mgongo, akawaambia watu wamche Mwenyezi Mungu kwa ajili ya wanyama hawa wasiosema, wawapande wakiwa katika hali njema. Hakukataza kupanda. Aliweka sharti juu ya hali ya anayepandwa, na hapo ndipo hasa mjadala wetu ulipo.

Linalobaki ni nani aamue. Mtunzaji anayelipwa kwa kila mzunguko ana sababu ya kuliona jeraha dogo kuliko lilivyo, na mwenye farasi aliyeshapokea kianzio naye vilevile. Daktari wa mifugo wa karibu amezoea ng'ombe na mbuzi, lakini kidonda cha kiungo anakijua, na picha tatu za simu humsaidia kuamua kama aje. Ningependa mtunzaji awe na neno la mwisho la kukataa, na siku aliyokataa alipwe posho yake kama kawaida, la sivyo hatakataa kamwe. Farasi anaweza kusimama kivulini akapigwa picha na watoto kwa bei ndogo, na nusu ya kianzio ikarudishwa. Wageni wa jioni wapigiwe simu saa tatu asubuhi, kabla hawajatoka Dar.