Kabla hujajisajili, tafuta mlango wa kutokea

Juzi usiku kijana mmoja wa Igoma, hapa Mwanza, aliuliza swali kwenye grupu letu la WhatsApp: "Wakuu, nianze kuweka rekodi ya anime na manga zangu wapi?" Alikuwa ametoka kumaliza episodi zote 28 za sizoni ya kwanza ya Frieren, katuni ya Kijapani (ndiyo anime), akahamia kwenye manga, yaani hadithi yake ya vitabu vya picha, pale anime ilipoishia, na kila akifungua simu hakumbuki alifika chapta ya ngapi. Umeme ulikuwa umekatika mtaani kwetu. Nikakaa barazani na simu yangu nione watamjibu nini.

Majibu yalizidi hamsini. Huyu anasema tovuti ya AniList kwa sababu inapendeza. Yule anasema MyAnimeList kwa sababu ndiko watu waliko. Mwingine akamwambia nunua daftari, acha kujisumbua. Mpaka saa sita usiku watu wazima wanabishania rangi na nani anatoa alama za haki, na katika hao wote hakuna hata mmoja aliyemwambia kijana wa watu jambo ambalo mimi nililijua baada ya kuumia. Niliandika mistari miwili, ikafunikwa na kelele. Acha niyaseme hapa kwa kirefu, kwa sababu jambo hili linaniuma kweli.

Ukitaka kuchagua huduma ya kuweka rekodi ya unachotazama na unachosoma, uliza kwanza: siku nikitaka kuhama, nitaondoka na orodha yangu? Mengine yote yanafuata baada ya hapo.

Mimi nilianza kuandika orodha mwaka 2017, kwenye huduma moja ndogo ambayo sitaitaja jina. Ilikuwa nyepesi, haili bando, inafunguka hata kwenye simu ile yangu ya kwanza iliyopasuka kioo. Wakati huo anime tulikuwa tunazipata kwa flashi. Unakwenda kibandani karibu na stendi ya Buzuruga, unamwambia jamaa akuwekee hii na hii, unarudi nyumbani na mafaili ambayo yameitwa "EP 14" na wakati mwingine hata jina la anime yenyewe halipo. Bila rekodi unapotea. Nilikuwa naandika kila kitu. Nimetazama mpaka wapi, lini, na pale chini kwenye nafasi ya maelezo naandika nilikuwa na nani.

Nilikuwa na kaka yangu mara nyingi. One Piece tuliianza pamoja, tumelala kwenye kitanda kimoja, simu tumeiegemeza kwenye mto. Kaka alipopata kazi Geita, tukaendelea kila mtu kwake. Akipiga simu hasalimii, anauliza tu, "Umefika wapi?" Nami namjibu kwa namba ya episodi. Kwenye orodha yangu nikawa naandika namba yake pia: kaka yuko 489, kaka yuko 502. Siku alipofika 517 alinipigia usiku sana, sauti imebadilika. Wanaoifuata One Piece wanaijua 517, kundi linaanza kukutana tena baada ya miaka miwili ya kutawanyika. Kwenye manga ni chapta 598. Kaka aliniambia, "Mdogo wangu, wamerudi." Nikaandika pale chini: kaka yuko 517, amelia.

Mwaka 2023 ile huduma ilifungwa. Walituma taarifa kwa imeili wiki kadhaa kabla, lakini imeili niliyojisajilia niliifungua kwa ajili ya kujisajili tu, na nywila yake ilikuwa inarudishwa kwa namba ya laini niliyokwisha kuipoteza. Siku niliyoingia nikakuta ukurasa mweupe. Anime 412 na manga 96. Nilikaa naugusagusa ule ukurasa kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Baadaye nikagundua kwamba hata kama ningeisoma ile taarifa mapema isingenisaidia sana, maana pale hapakuwa na kitufe cha kupakua orodha yako. Hakikuwepo tangu mwanzo. Miaka sita sikuwahi kukitafuta.

Watu huniambia, si unakumbuka ulichotazama? Majina nayakumbuka. Kilichopotea ni namba, na namba ndiyo rekodi yenyewe. Manga inayotoka kila mwezi, ukikaa miezi minne bila kuisoma, utaikumbukaje? Manga ya Vagabond imesimama tangu 2015 kwenye chapta ya 327. Mtu aliyeishia 290 na mtu aliyeishia 327 wote watakuambia "nimeisoma", lakini mmoja wao bado ana kitu cha kusoma na hajui. Na yale maneno manne ya usiku wa 517, hayo hayapo mahali pengine popote.

Mama yangu anauza dagaa Mwaloni, pale Kirumba. Ana daftari la madeni ambalo jalada lake lilishatoka, amelikaza kwa mpira wa baiskeli, na ukilifungua harufu ya dagaa inakupiga usoni. Jina la mtu, magunia mangapi, ametoa kiasi gani, amebakiza kiasi gani. Aliyemaliza anapigwa mstari. Daftari likikaribia kujaa, Jumapili jioni mama anakaa mkekani na daftari jipya pembeni, anawahamisha wote ambao hawajamaliza, jina kwa jina, anasoma kwa sauti ndogo. Kuna mwenye stoo aliwahi kumwambia, mama wewe acha daftari lako hapa dukani kwangu, utachoka kulibeba kila siku. Mama akamjibu, "Stoo ni yako baba, madeni ni yangu." Akalitia kwenye kikapu akaondoka. Mama hajawahi kufungua akaunti yoyote ya mtandaoni, na jambo hili analielewa kuliko grupu letu zima.

Sasa tuje kwenye huduma zenyewe. MyAnimeList ipo tangu 2004, na ina ukurasa wa kutoa orodha: unachagua anime au manga, unapewa faili la XML, unalihifadhi. Faili lile linapokelewa AniList, linapokelewa Kitsu, huduma nyingine ya aina hiyo. Kwa maneno mengine, miaka kumi ya kazi yako inaingia kwenye flashi na bado nafasi inabaki. Kwa sababu hiyo moja namwambia kijana wa Igoma aanzie huko.

Najua watu wa AniList watanijia juu. Haya, nakubali, AniList inapendeza zaidi, na inakuachia utoe alama unavyotaka, kwa mia, kwa kumi, kwa nyota tano, hata kwa vikatuni vitatu vya uso. Unaweza pia kutengeneza orodha zako mwenyewe zenye majina unayotaka. Ni huduma nzuri. Ila kuitoa orodha pale na kuipeleka kwingine, wengi wanategemea zana zilizotengenezwa na watumiaji wenzao, na mimi baada ya yaliyonikuta sitaki mlango wangu wa kutokea uwe mikononi mwa mtu wa tatu. Ukiipenda, itumie, lakini ujue kabisa leo hii utatokaje kesho.

Na msidhani ukubwa ni kinga. Mei 2018 MyAnimeList yenyewe ilizimwa kwa siku kadhaa kwa sababu za usalama, na iliporudi, ile njia ambayo programu nyingine zilikuwa zinaitumia kusoma na kuandika orodha ikabaki imefungwa kwa muda mrefu. Watu waliozoea kuandika kupitia programu za simu walijikuta hawana pa kuandikia. Umiliki wake nao umehama: kampuni ya DeNA waliichukua 2015, kampuni ya Media Do wakaichukua 2019. Huduma ya Hummingbird iligeuka kuwa Kitsu mwaka 2016. Tachiyomi, programu ya kusomea manga ambayo nusu ya wasomaji wa manga ninaowafahamu walikuwa nayo kwenye simu, ilisitishwa Januari 2024 baada ya shinikizo la kisheria. Pale ndipo nilipoona tofauti kwa macho. Waliokuwa wameiunganisha na akaunti zao za MyAnimeList au AniList walipoteza programu tu, chapta zao zilikuwa salama kule. Waliokuwa wanaitegemea programu peke yake, kisha simu ikafa au ikaibwa na hawana nakala, walirudi sifuri kama mimi.

Kuna jambo la sizoni ambalo linawasumbua sana watu wa flashi, nalo halisemwi. Hizi huduma kubwa za anime hazihesabu kama kibanda kinavyohesabu. Chukua Attack on Titan. Kibandani utapewa mafaili yamefuatana, 1 mpaka 87, halafu zile mbili ndefu za mwisho. Kwenye MyAnimeList hakuna kitu kinachoitwa episodi ya 60. Sizoni ya kwanza ina 25, ya pili 12, ya tatu imegawanywa 12 na 10, kwa hiyo 60 yako ni episodi ya 1 ya Final Season, na Final Season yenyewe imevunjwa vipande. Nimeona mtu akiandika 60 kwenye sizoni ya kwanza, namba inakataa, anatupa simu kochini anasema hii kitu ni mbovu. Si mbovu. Toa 25, toa 12, toa 22. Fanya hesabu hiyo mara moja, andika, hutaifanya tena. One Piece haina shida hiyo, ni mstari mmoja tangu 1999.

Ukisoma manga peke yake, MangaUpdates inatosha kabisa. Ukichanganya anime na tamthilia za kawaida, jaribu Simkl. Alama usizipe uzito, toa au usitoe.

Daftari? Watu wa daftari mna hoja na siwezi kuwabishia mbele ya mama yangu. Daftari halifungwi na mtu aliye nchi nyingine. Lakini halikuambii kwamba manga uliyoiacha imefikia chapta ya ngapi, na likilowa limelowa. Kwetu huku ziwani vitu hulowa.

Bando nalo ni kweli, si kila siku mtu ana kifurushi. Mimi naandika namba kwenye sehemu ya maandishi ya simu papo hapo nikimaliza, bila mtandao, halafu Jumapili naziingiza zote kwa pamoja. Kazi ya dakika kumi. Zamani nilikuwa nafanya hivyo hata kwenye foleni ya kivuko pale Kigongo nikienda kumwona kaka Geita. Foleni ilikuwa inanipa chapta tatu, siku mbaya chapta nane. Tangu Juni 2025 daraja limefunguliwa, kilomita 3 unazipita kwa dakika chache, na nafurahi sana kwa ajili ya wagonjwa na akina mama waliokuwa wanalala pale na watoto. Kusoma nimehamishia kwenye basi.

Na tarehe 1 ya kila mwezi napakua faili. La anime na la manga. Moja linabaki kwenye flashi, nakala nyingine najitumia kwenye imeili ninayoifungua kila siku, iliyosajiliwa kwa laini ninayoitumia kila siku. Laini isipotumika muda mrefu inafungwa, kisha namba inapewa mtu mwingine. Mkiwa mnajisajili popote, jamani, angalieni hilo kwanza.

Jumamosi nilikutana na kijana wa Igoma pale Kamanga, watu wanashuka kwenye kivuko na kuku na magodoro, sisi tumeinamia simu. Tukafungua akaunti ya MyAnimeList. Akaingiza Frieren, 28 kati ya 28. Manga akasita, hakumbuki. Nikamwambia anime ya sizoni ya kwanza inaishia chapta ya 60, anza kupekua kuanzia 61 mpaka uone ukurasa usioujua. Akapekua kidole taratibu, 63, 66, akasimama 71. "Hapa. Hii sijaisoma." Akaandika 70. Kisha nikamwonyesha ukurasa wa kutoa orodha, akapakua mafaili yake ya kwanza, la anime lina mstari mmoja, na la manga mstari mmoja. Akaniuliza kwa nini tunahifadhi mistari miwili. Nikamwomba tu aniletee flashi yake.

Usiku kaka akapiga. Orodha yangu mpya ya One Piece bado haijafika alikofika yeye. Nikamuuliza mimi kwanza safari hii, nikachukua simu ya pili nikaandika namba yake pale chini wakati bado anaongea.